Kifuniko Kilichokwenda Kutembea

Mama yangu hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia kwamba mama yako alikaa na kitu cha jirani zaidi ya miaka thelathini, hawangoji umalize. Kwa hivyo wewe ngoja nimalize, halafu useme unachotaka.

Tulihamia Makina, pale Kibera, nikiwa na miaka sita. Mama alikuwa ametoka Magharibi, kwetu Uluhyani, na mimi na sanduku moja, na chumba alichopata kilikuwa kwenye ploti ya mama mmoja Mnubi. Kila mtu alimwita Haboba, ndivyo Wanubi wanavyomwita nyanya, ingawa wakati huo hakuwa mzee kivile. Nikipiga hesabu naona alikuwa na umri wangu wa sasa, na hesabu hiyo hainifurahishi. Babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari, akakaa hapo Kibera pakiwa bado msitu, na Haboba alizaliwa kwenye nyumba ileile tuliyomkuta. Chumba chetu kilipakana na jiko lake. Kati yetu palikuwa na ukuta wa udongo tu. Sisi tulijua anapika nini, na yeye alijua siku ambazo hatujapika.

Kazi yake, mbali na kugombana na wapangaji waliomwaga maji machafu mbele ya mlango wake, ilikuwa kufuma tabaga. Tabaga ni kifuniko cha chakula, cha duara, bapa, chenye rangi nyingi. Alichemsha ukindu kwenye sufuria za rangi, nyekundu, kijani, zambarau, akauanika kwenye kamba ya nguo, halafu akakaa barazani na sindano nene akishona mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia katikati kwenda nje. Vidole vyake vilikuwa na rangi siku zote. Akikushika shavu asubuhi, unaenda shule na shavu la zambarau na watoto wa mtaa wa Kianda wanakucheka mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Basi Idd ya kwanza ikatukuta hapo. Haboba mwenyewe akaja mlangoni na sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa bluu, imejaa pilau na gurusa, zile chapati zao za maji, na juu yake amefunika tabaga. Akampa Mama mikononi, akasema tule, akaenda zake kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine nane za kupelekea.

Sasa, Mama alikuwa hajawahi kuona tabaga maishani mwake. Kwao chakula hufunikwa kwa sahani nyingine. Alichokijua yeye ni uteo, wa kupepetea nafaka, na uteo wake alikuwa ameuacha kijijini kwa sababu hatukuweza kubeba kila kitu. Tena kwao, mwanamke akianza maisha mahali pageni, jirani mwenye roho nzuri humpelekea uteo. Akakishika kile kifuniko, akakigeuza, akaona ni cha duara, kimeshonwa imara, kimebonyea kidogo katikati. Akakipiga kwa kiganja asikie mlio wake.

"Mungu ni mwema," akasema. "Amejuaje kwamba sina uteo?"

Sahani hairudishwi tupu. Hilo Wanubi na Waluhya wanakubaliana bila mkutano. Siku ya tatu Mama akaijaza njugu za kukaanga, akaipeleka, akashukuru kwa chakula na kwa zawadi. Haboba akadhani zawadi anayoshukuriwa ni nyama. Akasema karibu. Na hakuuliza kifuniko kiko wapi, kwa sababu kwake kitu kilichotoka nyumbani pamoja na chakula hakifuatwi. Ukikifuata ni kama unakifuata chakula chenyewe. Alikaa akingoja kirudi.

Hakikurudi. Mama alikuwa anapikia mafundi wa mjengo karibu na soko la Toi, na kila asubuhi alikaa nje ya mlango wetu akipepeta maharagwe kwenye tabaga ya watu. Chwa, chwa, chwa. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuamka. Haboba upande wake anakoroga chai, na wanaongea kupitia ukutani.

"Jirani, umeamka?"

"Nimeamka, Haboba. Kwani hunisikii?"

"Nakusikia. Nani asiyekusikia Makina hii?"

Siku ambazo hakuwa na kazi nyingi, Haboba alitoka na kikombe chake, akakaa kwenye kigoda karibu na Mama, na akatia mkono kwenye maharagwe akachagua mawe naye. Fikiria. Mkono wake uko ndani ya kifuniko chake mwenyewe, anatoa mawe, anacheka, anasimulia jinsi mumewe marehemu alivyokuwa anaogopa kuku. Kifuniko hakukitaja. Mama alimfundisha kupika mboga yetu ya mrenda, akaukataa, akasema unateleza kama sabuni. Yeye akamfundisha Mama kufukiza nguo udi. Wale wawili walipendana, na mimi ambaye sikuwa na nyanya karibu nilikua nikijua kwamba nina watu wawili wa kunipiga na wawili wa kunitetea.

Nilikuwa na miaka tisa Haboba aliponiita sebuleni kwake nimwingizie uzi kwenye sindano. Watoto tulikuwa haturuhusiwi sebuleni kwa sababu ya miguu yetu. Nikaona ukuta. Tabaga zilikuwa zimetundikwa safu mbili, kubwa, nzuri, hakuna hata moja inayofanana na nyingine. Chini upande wa dirisha palikuwa na msumari mtupu.

"Haboba, hapa mbona hakuna kitu?"

"Cha hapo kimekwenda kutembea," akasema. Alikuwa anaangalia sindano.

"Kitarudi?"

"Kikichoka kitarudi. Hicho alifuma mama yangu. Kina akili zake."

Nikaangalia kilichokuwa juu ya ule msumari, na cha kando yake. Nikaona ule mshono, ile mizunguko. Ni za uteo wa Mama. Sikuwa mtoto mjinga, na laiti ningekuwa. Nikaingiza uzi, nikatoka mbio, nikamkuta Mama anapepeta.

"Mama, huo si uteo."

Nilimweleza kila kitu, haraka haraka, kwa sauti ya kunong'ona kwa sababu ya ule ukuta. Mikono yake ikasimama hewani. Akayamwaga maharagwe kwenye beseni, akakitazama kifuniko. Katikati rangi ilikuwa imekwisha kabisa, pamebaki rangi ya majani makavu. Ukingo ulikuwa umefumuka sehemu mbili. Miaka mitatu ya mawe na maharagwe si mchezo.

"Kumbe amekuwa akinitazama tu," akasema. "Kila siku. Uso wangu nitauweka wapi mimi?"

Nikamwambia apeleke. Akasema atapelekaje kitu kimechakaa hivyo, tena cha mama yake mzazi. Kwanza akioshe. Akakiosha, na rangi iliyobaki ikatoka na maji. Kwanza akishone ule ukingo. Akakishona, lakini hakuwa na ukindu na hakujua mshono wao, akatumia uzi wa gunia la mahindi, mishono mirefu kama ya kufunga gunia. Akakiangalia, akaona amezidisha uharibifu. Akakifunga kwenye leso, akakiweka chini ya sanduku, akasema atatafuta Mnubi mwingine amlipe akirekebishe. Hakumtafuta.

Na tangu siku ile akaanza kumkwepa Haboba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akanunua sinia la plastiki la kuchagulia maharagwe, akahamia nalo ndani. Haboba akiita ukutani, Mama anajibu neno moja. Idd ikija, sahani inarudishwa na mimi. Haboba akitoka na kikombe chake anakuta mlango umeegeshwa, anasimama kidogo, halafu anarudi kwake. Mimi nilikuwa naona na nilikuwa nakasirika, lakini ungemwambia nini Mama? Ukimtajia tu anakutuma maji.

Nilipofika miaka kumi na miwili, Mama akapata kibanda cha nafaka sokoni Kawangware, na chumba hukohuko. Siku ya kuhama tulikodi mkokoteni. Haboba akasimama mlangoni akiangalia vitu vyetu vikipangwa, sanduku likapita mbele ya macho yake.

"Jirani," akasema, "umechukua vitu vyako vyote?"

"Vyote, Haboba."

"Hakuna ulichosahau?"

"Hakuna."

Haboba akanishika shavu, akasema nisome. Mkokoteni ukaondoka. Mama alitembea mbele hadi barabara ya Ngong bila kugeuka, na mimi nilimchukia njia nzima.

Kutoka Kawangware hadi Makina si Ulaya. Ukitembea kwa mguu bila haraka ni saa moja na ushee. Kila mwaka Mama alisema Idd ijayo nitaenda. Tukagombana juu ya hicho kifuniko mpaka nikaolewa, nikaachika, nikarudi kibandani kuuza naye, na bado tukawa tunagombana. Nilimwambia siku moja, kwa hasira, kwamba yeye si mtu wa aibu, ni mtu wa kiburi. Akaendelea kupima ndengu za mteja. Hiyo kauli ningeweza ningeirudisha.

Alifariki mwaka juzi. Tulimsafirisha nyumbani Magharibi, tukamzika kando ya mama yake. Niliporudi Kawangware ilinichukua karibu miezi mitatu kulifungua sanduku, na chini kabisa, kwenye leso ileile, kikanitazama. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, nusu huzuni, nusu hasira. Jumapili iliyofuata nikajaza njugu kwenye mfuko, nikakibeba kifuniko chini ya kwapa, nikapiga moyo konde nikaenda Makina.

Barabara zimebadilika, kuna maghorofa mahali palipokuwa na mabomba yetu ya maji, lakini ile nyumba ilikuwepo. Msichana akatoka na simu mkononi.

"Sasa, anti. Unatafuta nani?"

Alikuwa mjukuu wa Haboba. Nyuma yake, barazani palepale, ameketi mama mzee mwembamba, macho yamefunga ukungu, hafumi tena. Vidole vilikuwa safi. Sikuwahi kuviona vikiwa safi.

Nikasema mimi ni nani. Akacheka, akanyoosha mkono akatafuta shavu langu. Kabla hata sijakaa nikaanza kuungama, nikajieleza mfululizo, uteo, Magharibi, miaka mitatu, uzi wa gunia, sanduku. Nikamwekea kifuniko mapajani. Akapitisha vidole kutoka katikati kwenda nje, taratibu, mpaka akafika ukingoni.

"Hapa ameshona nani?"

"Mama."

"Huu ni mshono wa gunia," akasema, na mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Wallahi, amefunga tabaga ya mama yangu kama anapeleka mahindi posho mill." Akafuta macho. "Haya, mwenyewe yuko wapi? Mwambie aingie. Mbona amesimama nje?"

Mjukuu akaniangalia, akaelewa kabla yake.

"Haboba," nikasema, "Mama hayuko. Ni miezi mitatu sasa."

Haboba akakiondoa kifuniko mapajani, akakiweka kando kwenye mkeka, kana kwamba hakimhusu.

"Mimi sikuwa nangoja hiki," akasema. "Hiki ningekikosa ningefuma kingine, wiki mbili. Nilikuwa namngoja yeye. Siku alipoacha kupepeta nilisikia. Nikasema, haya, mtoto amemwambia, leo atakuja, tutacheka. Nikaweka chai. Hakuja. Kesho yake nikaweka tena."

Hapo nilimkasirikia hata yeye, nasema kweli. Nikamuuliza mbona hakugonga mlango, mbona hakumwambia tu, ndani ya miaka mitatu yote ile.

"Ningegonga vipi? Angesema nimefuata kifuniko."

"Na siku ya kuhama? Ulimuuliza amesahau nini."

"Nilitaka aseme amenisahau mimi," akasema.

Mjukuu akaondoka akaenda jikoni, na kwa muda tukawa tunasikia vyombo tu. Aliporudi alikuwa na sahani. Nyeupe, ukingo wa bluu, rangi imebanduka hapa na pale. Wali na maharagwe. Haboba akapapasa mkekani, akakitafuta kifuniko cha mama yake chenye uzi wa gunia, akaifunika sahani kwa mikono yake miwili, akanipa.

"Kifuniko nimempa mama yako, kwa hivyo ni chako. Pepetea. Lakini sahani ni yangu," akasema. "Uilete. Na uilete mwenyewe, usitume mtoto."

Kupitia mlangoni niliuona ule msumari wa sebuleni, bado mtupu baada ya miaka yote hiyo, nikauliza, na msumari wako je? Akasema huo aliuzoea.

Basi nikawa napeleka. Kila Alhamisi nafunga kibanda mapema, najaza sahani njugu, au simsim, au viazi vitamu, naenda. Inarudi na pilau, au mchuzi, au ile gurusa ambayo mjukuu wake anaipika vibaya na sisi wote tunajifanya hatujui. Kifuniko kinakwenda na kurudi juu yake. Haboba alinitaka kwanza nipepete kidogo pale barazani kabla ya kula, hata kama njugu zilikuwa zimeshapepetwa. Nikipepeta anafumba macho. Alikuwa ananikosoa: mama yako alikuwa na mkono mwepesi, wewe unachapa kama unamfukuza paka. Alinisimulia mambo ya Mama ambayo sikuyajua, kwamba alikuwa anaimba akidhani nimelala, kwamba siku ya kwanza nilipoenda shule alilia ukutani na Haboba akalia upande wake, na kila mmoja akajifanya hamsikii mwenzake. Mambo hayo aliyatunza miaka yote hiyo, na hakuwa na mtu wa kumpa.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, mjukuu akanipigia saa moja asubuhi. Haboba ameondoka alfajiri.

Sasa sikiliza nilichofanya, mimi niliyeishi Makina miaka sita, niliyelelewa ukutani mwa Wanubi. Nilifanya kama watu wetu wa Magharibi. Kwetu mtu akifariki Nairobi, kwanza kuna mochari, kuna mikutano kila jioni, kuna basi la kukodi, wiki inaisha na wakati mwingine mbili. Nikajiambia, nitaenda jioni nikae nao. Sahani yake ilikuwa kwangu. Nikaona siwezi kwenda nayo tupu, siku ya leo zaidi ya siku zote. Nikachagua njugu moja moja, nikazikaanga polepole zisiungue, nikazipepeta maganda yote yakatoka, chwa, chwa, kwa mkono mwepesi kama alivyokuwa akinitaka. Nikajaza sahani, nikafunika, nikashika njia.

Nilipofika Makina jua lilikuwa limeanza kushuka. Wanaume walikuwa wakirudi kwa makundi madogo, kofia vichwani, viatu vina udongo mwekundu. Nilipoviona vile viatu nikajua. Nilisimama katikati ya njia na sahani yangu, boda boda zikinipigia honi.

Mjukuu akanipokea mlangoni, macho yamevimba.

"Anti, tulikungoja mpaka mwisho. Tumeshamzika, baada ya adhuhuri."

"Nilikuwa nakaanga njugu," nikasema. Hicho ndicho nilichoweza kusema. Haboba alimngoja mama yangu, na mimi nami nikamngojesha, na safari hii hakuweza kungoja. Nikalia pale mlangoni mbele ya wanawake wote, na sikujali nani ananiangalia.

Yule msichana hakuniambia nyamaza. Alinipokea sahani taratibu, akaingia nayo, akapitisha njugu kwa wanawake waliokaa sebuleni, kila mmoja akachukua kidogo. Nilikaa chini ya ule msumari. Baadaye nilipoinuka kwenda, akaniletea sahani imeoshwa, imejaa chakula cha msiba, kifuniko juu, uzi wa gunia upande wangu.

"Anti," akasema, "sahani utaleta?"

Nikamwambia nitaleta. Akanitazama kama anayetaka kuhakikisha, akiwa amesimama vilevile kama nyanya yake siku ya mkokoteni.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Alhamisi. Weka chai."